Mfamasia Husomea Dawa, Dawa Hutolewa na Mwingine

Swali moja linaweza kumkuta mwanafunzi wa mwaka wa nne wa famasia katika chumba chochote cha mtihani, iwe Muhimbili, Bugando au Dodoma. Mgonjwa anatumia TLD, kile kidonge kimoja cha siku cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Leo amekutwa na kifua kikuu na ameanzishiwa dawa zenye rifampisini. Afanyiwe nini? Jibu mwanafunzi analo mdomoni. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huimaliza dolutegraviri mwilini kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mgonjwa aongezewe miligramu 50 za dolutegraviri, saa 12 baada ya kidonge chake cha kawaida. Alama zote anazoa.

Wiki mbili baadaye mgonjwa wa namna hiyohiyo anaingia katika duka la dawa muhimu jirani na stendi. Kiungulia kimemsumbua tangu mchana, anataka vile vidonge vya kutafuna. Vingi kati ya vidonge hivyo vina alumini, magnesi au kalsiamu, madini ambayo hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isifyonzwe. Akivimeza pamoja na dawa zake, hesabu nzuri ya hospitali imevurugika. Aliye nyuma ya kaunta hakuufanya ule mtihani. Alipata mafunzo ya wiki chache, amesimama tangu asubuhi, na wateja watatu nyuma ya mgonjwa wameanza kuguna. Kwa dakika mbili hizo, taaluma yote ya famasia nchini imo mikononi mwake.

Hapo ndipo penye kasoro ya shahada yenyewe. Vyuo vya Afrika Mashariki vinajua kumfundisha kijana dawa, na miaka ya karibuni vimejifunza kumfundisha mgonjwa pia. Kitu ambacho bado hakijapewa uzito ni kumwandaa kufanya kazi kupitia mkono wa mtu mwingine, mwenye elimu ndogo kuliko yake, ambaye ndiye atakayetoa dawa.

Mizizi ya jambo hili ni ya zamani. Shahada ya famasia ilianza Dar es Salaam mwaka 1974, pale Muhimbili, wakati huo pakiwa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nairobi nayo ilianza mwaka huohuo. Tanzania ya miaka ile ilikuwa na kiwanda cha dawa Keko, shirika la umma la NAPCO lililoagiza na kusambaza dawa, na hospitali za serikali zilizohitaji mtu wa kutunza bohari. Mhitimu alitakiwa kiwandani, ghalani, maabarani. Mtaala ukamfuata huko: kemia ya dawa, famasiutiki yaani sayansi ya kugeuza kemikali kuwa kidonge au sharubati, famakolojia, na famakognosia inayochunguza dawa zitokanazo na mimea. Mgonjwa alikuwa wa daktari na muuguzi.

Si haki kuicheka mitaala ile. Mwaka 2012, ARV bandia zilipogunduliwa mkoani Mara, kilichohitajika ni watu wanaojua kidonge kimetengenezwaje, kinapimwaje, na kopo la kweli linatofautianaje na la uongo. Ukaguzi wa dawa vituo vya mipakani, pamoja na yale masanduku ya upimaji wa haraka yanayobebeka, ni kazi ya mkemia aliyevaa koti la mfamasia. Tanzania ilipotambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa imefika ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti wa dawa, ya kwanza barani Afrika kuthibitishwa hivyo, sifa zilikwenda kwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ambayo mwaka uliofuata iligeuzwa kuwa TMDA. Sehemu ya sifa hizo ilistahili kurudi kwenye madawati ya maabara za Muhimbili. Na kule Moshi, Wakfu wa Saint Luke umekuwa ukiwafunza wafamasia wa viwandani tangu mwaka 2008 kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Purdue na Howard vya Marekani: watu wanajifunza kutengeneza dawa kwa kuitengeneza hasa, siyo kwa kuchora mashine ubaoni. Bara linaloagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje halina anasa ya kuipunguza kemia.

Mgonjwa aliingia katika elimu ya famasia kwa mlango wa mbali. Septemba 1966, wafamasia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitolewa chini walikozoea kuchanganya dawa na kupandishwa ghorofa ya tisa ya hospitali ya chuo, kwenye wodi ya upasuaji, wakakae huko na dawa zao. Waliambiwa wajibu maswali ya madaktari, wafuatilie historia ya dawa za kila mgonjwa, wawe karibu usiku na mchana. Jaribio la ghorofa ya tisa likawa chimbuko la famasia ya kliniki. Mwaka 1990, Charles Hepler na Linda Strand walichapisha makala iliyolipa wazo hilo msimamo: kazi ya mfamasia, waliandika, ni kubeba dhamana ya matokeo ya dawa kwa mgonjwa, si kuikabidhi dawa tu. Marekani ikaifanya shahada ya PharmD kuwa njia pekee ya kuingia katika taaluma. Leo mwanafunzi wa huko hasajiliwi kabla ya kupita saa zisizopungua 300 za mafunzo ya vitendo katika miaka ya mwanzo, kisha 1,440 nyingine mwishoni, sawa na wiki 36 za wodini, kliniki na madukani.

Chuo hichohicho cha San Francisco kilikuja kushirikiana na Muhimbili. Kuanzia mwaka 2008 walimu wa pande mbili walikaa kupitia mitaala ya shule zote za MUHAS, yaani chuo kikuu cha Muhimbili, na mwaka 2011 mitaala mipya ilianza kufundishwa. Msingi wake ulikuwa umahiri: kutazama anachoweza kufanya mhitimu, badala ya kuhesabu vipindi alivyokaa darasani. Kwa famasia yalikuwa mageuzi makubwa. Mwanafunzi alitarajiwa azungumze na mgonjwa, asome faili, ashiriki mzunguko wa wodi, aseme neno mbele ya daktari bingwa bila kutetemeka. (Hili la mwisho halipimiki kwa mtihani wowote, lakini kila aliyewahi kusimama kwenye mzunguko wa wodi anajua uzito wake.)

Kenya ilikwenda njia yake. Shahada yao ni ya miaka mitano, mwaka mmoja zaidi ya ile ya Muhimbili, na Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, wanafunzi wa famasia wa Purdue wamekuwa wakija kwa zaidi ya miaka ishirini kufanya kazi wodini bega kwa bega na Wakenya. Hiyo ni shule nzuri. Mfamasia anayejadili kiwango cha jentamaisini cha mtoto mwenye figo dhaifu, huku mama yake akiwa ameketi kitandani anasikiliza, hatakuja kuiona dozi tena kama namba ya kitabuni.

Lakini mfano wa Marekani umebeba sharti ambalo halikusafiri nao. Kule, sheria inataka mfamasia awepo dukani, na mgonjwa akitaka kumwona, anamwona. Yeye ndiye mtu wa mwisho kabla ya kidonge. Ukimfunza vizuri, mgonjwa amefikiwa. Hapa kwetu, kati ya mfamasia na kidonge kuna watu wengine wawili au watatu: mteknolojia wa dawa katika hospitali ya wilaya, muuguzi au tabibu katika zahanati isiyo na mtu wa dawa kabisa, na mtoa dawa katika duka la mtaani. Ukimfunza mfamasia peke yake kwa ubora wa San Francisco, umemfikia mfamasia.

Historia ya duka hilo la mtaani inastahili kufundishwa katika kila darasa la mwaka wa kwanza, na ingependeza kujua ni wangapi wanahitimu bila kuisikia. Zamani vijijini na pembezoni mwa miji kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kwa sheria yalipaswa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, kama parasetamoli. Kwa kweli yaliuza kila kitu, antibiotiki zikiwemo, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Serikali ilikuwa na njia mbili: kuyafunga na kuacha vijiji bila dawa, au kuyafumbia macho. Mwaka 2003 ikabuni ya tatu. TFDA, pamoja na shirika la Management Sciences for Health na kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation, ilianza majaribio mkoani Ruvuma: mwenye duka akikarabati jengo, akiajiri mtu aliyefunzwa na kupewa cheti, akitunza kumbukumbu na kukubali ukaguzi, ataruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, baadhi ya antibiotiki zikiwa ndani. Ndiyo asili ya Duka la Dawa Muhimu, DLDM. Mpango ukaenea nchi nzima, na Uganda na Liberia zikaja kuuiga.

Wazo lilikuwa la busara kwa sababu lilikubali hali halisi ya watu. Mtu mwenye homa usiku hatasubiri nchi ipate wafamasia wa kutosha.

Udhaifu wake ni kwamba ulitegemea mafunzo ya mara moja. Mtoa dawa alifunzwa, akapewa cheti, akatundika ukutani. Baada ya hapo anayemtembelea huja na fomu ya ukaguzi. Mkaguzi anatazama leseni, jokofu, tarehe za kuisha muda wa dawa. Mara chache anasimama pembeni nusu saa kusikiliza mteja anaambiwa nini. Chukua dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliianza kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kwa mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili ni baada ya saa nane, zilizobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na dawa hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta. Mtoa dawa akisema tu "ya pili baada ya saa nane", mgonjwa aliyemeza ya kwanza saa moja jioni aweza kuelewa saa nane ya mchana wa kesho. Anayejua kazi humwambia: umemeza sasa saa moja, weka kengele ya simu saa tisa usiku, kunywa na maziwa au kula karanga kidogo. Sentensi hiyo ndiyo famasia. Haihitaji shahada kuisema, ila inahitaji mtu mwenye shahada aje aisikilize, aisahihishe, na arudi mwezi ujao kuona kama ingali inasemwa.

Moshi ilipata kipimo chake. Watafiti walituma watu waliojifanya wateja kwenye famasi na maduka ya dawa ya manispaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika zaidi ya ziara tisa kati ya kila kumi, mteja aliuziwa antibiotiki bila cheti. Utafiti huo haukuishia kwenye maduka ya dawa muhimu. Uligusa pia famasi kamili, zile ambazo kisheria zina mfamasia msimamizi. Jina lake lipo ukutani kwenye fremu. Yeye mwenyewe mara nyingi yuko kwingine.

Kukodisha cheti ni siri ya wote katika taaluma hii. Mfamasia ana ajira hospitalini au wizarani, mwenye duka anahitaji jina ili apate kibali, wanaelewana kwa malipo ya mwezi, na kaunta anaachiwa kijana. Baraza la Famasi limekemea mara nyingi. Kukemea ni lazima, lakini shahada nayo ina sehemu yake ya lawama, kwa kuwa inamtoa mtu ambaye haoni usimamizi kama kazi. Amefundishwa kwamba kazi ni kukokotoa dozi na kutambua mwingiliano wa dawa. Akikaa dukani siku nzima akiuza vitamini, anajihisi amepotea. Hakuna aliyemwonyesha kwamba kumgeuza yule kijana wa kaunta awe mtoa dawa mzuri ni ujuzi, una mbinu zake, na unaweza kupimwa.

Mbinu hizo zinajulikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwahi kutumia mteja bandia kama mwalimu badala ya mtego: mtu anaingia dukani, anaomba dawa, na mara tu baada ya mazungumzo mwalimu anakaa na muuzaji na kumwambia alichofanya vizuri na alichoacha, palepale, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Hakuna kuandikwa kwenye ripoti, hakuna faini. Hili linafanyika na wanafunzi wa mwaka wa nne kwa gharama ndogo. Wawili wawili, duka moja, ziara tatu katika muhula, kwa ridhaa ya mwenye duka. Halafu mwanafunzi apewe alama kwa jambo ambalo vyuo vyetu bado havijalizoea: tofauti kati ya alichokisema mtoa dawa katika ziara ya kwanza na alichokisema katika ya tatu. Mwanafunzi mwenye akili kali asiyeweza kumbadilisha mtu yeyote atapata alama ya chini, na ni vyema aijue mapema.

Pingamizi la kwanza litakuwa fedha, na la kweli ni fedha za mwenye duka. Antibiotiki inayouzwa nusu dozi ni faida ya leo. Mtoa dawa anayemrudisha mteja bila kumuuzia azithromaisini, ambayo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari, anaweza kugombezwa na tajiri yake jioni. Kumhubiria kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa hakutoshi. Mfamasia anayekuja kufundisha dukani lazima ajue kusoma daftari la mauzo: ni bidhaa gani zinaleta faida bila madhara, pakiti zipi zinakufa rafuni, duka lipate vipi wateja wa kudumu wa presha na kisukari ambao watarudi kila mwezi kwa miaka. Somo la biashara ya famasi lipo katika mitaala mingi kama somo la pembeni, la kupita. Linastahili zaidi ya hapo, hata kama litaumega muda wa somo fulani la kemia ambalo mwalimu wake analipenda sana.

Pingamizi la pili ni utarajali. Mwaka ule mmoja wa kazi chini ya uangalizi baada ya chuo ndio darasa la kweli, na ndio unaoyumba kuliko yote. Kenya mwaka 2024 ilionyesha unavyoweza kuyumba: chama cha KMPDU, ambacho kinawakusanya madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kiligoma siku 56 kuanzia katikati ya Machi, na mojawapo ya viini vya mgogoro ilikuwa posho ya watarajali, shilingi 206,400 za Kenya kwa mwezi kwa mkataba wa 2017 dhidi ya 70,000 ambazo serikali ilisema ndizo inazoweza. Wahitimu walikaa nyumbani wakisubiri kupangiwa vituo, huku wanachokijua kikipoa. Tanzania haijafika huko, lakini idadi ya vyuo vinavyotoa shahada ya famasia imeongezeka, vya umma na binafsi, ilhali hospitali zenye mfamasia mwenye nafasi ya kumkalisha mtarajali na kumfundisha hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Matokeo yake ni watarajali waliorundikana kwenye dirisha moja la dawa katika hospitali kubwa, wakihesabu vidonge, kazi ambayo mteknolojia angeifanya vizuri kuliko wao.

Kuwatoa baadhi yao kwenye dirisha hilo kwa wiki sita hakumkoseshi mgonjwa yeyote huduma. Wapangiwe kata, si idara. Kila mmoja awe na maduka sita ya dawa muhimu na zahanati moja. Asaidie zahanati kukadiria maombi yake kwa Bohari ya Dawa ili isiishiwe amoksilini ya watoto msimu wa mvua, na maduka ayatembelee kama mwalimu. Ndani ya mwaka mmoja wilaya ingekuwa na kitu ambacho haijawahi kuwa nacho: mtu aliyesikia dawa zinavyoelezwa katika kila kaunta yake.

Mamlaka ya kulifanya hili yako mahali pamoja. Baraza la Famasi ndilo linalowasajili wafamasia, ndilo linalotambua daftari la utarajali, na ndilo lenye usimamizi wa famasi na DLDM. Linaweza kuongeza kurasa chache katika daftari hilo, zisainiwe na watoa dawa wenyewe pamoja na msimamizi wa hospitali, na bila kurasa hizo usajili usitolewe. Nauli ndiyo itakayobishaniwa vikaoni. Lakini mfamasia wa kila halmashauri tayari ana ratiba ya ukaguzi wa maduka hayo, ana gari siku hizo, na mara nyingi huondoka na viti viwili vitupu.